Jike katika Ufugaji wa Ng'ombe wa Nyama: Uzazi, Urithi na Uteuzi wa Mitamba

Katika mijadala ya kuboresha ng'ombe wa nyama Afrika Mashariki, dume ndiye anayetajwa kwanza. Maonesho ya kilimo humpamba dume, miradi ya umma hugawa madume au mirija ya mbegu, na mfugaji anayetaka kubadili kundi lake huanza kwa kuuliza wapi atapata dume wa Boran. Mkazo huo una sababu ya kweli. Dume mmoja katika malisho hupanda majike 25 hadi 30 kwa msimu, na kwa njia ya uhimilishaji, yaani kutia mbegu iliyogandishwa katika mfuko wa uzazi wa jike bila dume kuwapo, anaweza kuwa baba wa maelfu ya ndama, ilhali jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, tena akiwa katika hali njema. Kundi linalopandwa na madume wa mbari moja kwa vizazi vitatu mfululizo huwa limepata asilimia 87.5 ya vinasaba vyake kutoka kwa mbari hiyo, hata kama majike walioanza nalo walikuwa wa asili nyingine kabisa. Anayetafuta njia ya haraka ya kubadili umbo, rangi au kasi ya ukuaji hakosei anapomtazama dume.

Kosa huanzia pale kasi ya mabadiliko inapochukuliwa kuwa ndiyo faida. Ng'ombe wa nyama huuzwa kwa kilo, na kilo hizo huanza na ndama aliyezaliwa akiwa hai, akanyonya, akavuka kiangazi cha kwanza na kufikia umri wa kulikizwa, yaani kuachishwa kunyonya, na hatua zote hizo humtegemea mama. Jike asiyeshika mimba hula nyasi zilezile, hunywa maji yaleyale, huogeshwa katika josho lilelile na kuchanjwa kwa gharama ileile kama jike aliyezaa, na mwaka unapokwisha hana ndama wa kulipia gharama hizo. Tena, sehemu kubwa zaidi ya malisho yote yanayotumika kuzalisha nyama, tangu mimba hadi machinjioni, huliwa na majike wazazi, si na ng'ombe wanaonenepeshwa kwa ajili ya kuchinjwa. Jike ndiye gharama kuu ya biashara hii, na kwa sababu hiyo udhaifu wake hauwezi kufidiwa na dume, hata awe wa thamani gani.

Mchango wa jike kwa ndama wake ni mpana kuliko wa dume. Kila mzazi hutoa nusu ya vinasaba vilivyomo katika kiini cha seli, lakini mitokondria, yaani vijumba vidogo vinavyozalisha nishati ndani ya seli na vyenye vinasaba vyake vyenyewe, hutoka kwa mama peke yake. Juu ya urithi huo kuna malezi, ambayo wataalamu wa uzalishaji huyaita athari za mama: nafasi na lishe ndani ya mfuko wa uzazi, dang'a, wingi wa maziwa, ulinzi dhidi ya wanyama wakali, na hata ujuzi wa kutafuta malisho na maji ambao ndama huupata kwa kumfuata mama yake. Uzito wa ndama siku ya kulikizwa ni matokeo ya mambo mawili yaliyofungamana, uwezo wa ndama mwenyewe wa kukua na uwezo wa mama wa kumlisha, na mfugaji anayepima uzito huo kwa kweli huwa amempima mama sawasawa na alivyompima mtoto.

Dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, hustahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndama wengi hupotea hapo bila sababu kujulikana. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga kutoka damu ya mama kwenda kwa kijusi, hivyo ndama huzaliwa akiwa karibu hana silaha yoyote dhidi ya maradhi, na kinga yake ya mwanzo huipata kwa kunyonya. Utumbo wake huweza kuzipitisha chembe za kinga zikiwa nzima kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo zenye manufaa zaidi, na baada ya takribani saa 24 mlango huo huwa umefungwa. Jike mwenye silika nzuri ya uzazi hujitenga na kundi, humgeukia ndama mara tu anapodondoka na kuanza kumlamba puani na mdomoni, jambo linaloondoa utando na kuamsha pumzi, hutoa sauti ya chini ambayo hatoi wakati mwingine, na husimama tuli ndama anapoyumba akitafuta kiwele. Jike mwenye chuchu zilizonenepa kuliko mdomo wa ndama unavyoweza kuzishika huanza vivyo hivyo, lakini ndama huizungusha chuchu mdomoni na kuiacha, hujaribu nyingine, huchoka na kulala. Kesho yake anaweza kuonekana mzima. Wiki mbili baadaye huharisha na kufa, na kifo chake huandikwa kuwa ni cha kuhara, ilhali chanzo chake kilikuwa kasoro ya kiwele ambayo ingeonekana wazi kwa yeyote ambaye angeinama kuitazama kabla jike huyo hajapandishwa tena.

Nguvu ya jike bora huonekana zaidi katika hesabu ya kundi zima. Tuseme yako makundi mawili ya kubuni, kila moja likiwa na majike 100 waliofikia umri wa kuzaa, na kila moja likihitaji mitamba 15 kwa mwaka ili kuziba nafasi za majike waliokufa, waliozeeka au walioondolewa. Katika kundi la kwanza majike 50 huzaa na ndama mmoja kati ya watano hufa kabla ya kulikizwa; wanabaki ndama 40, nusu yao mitamba. Mwenye kundi hilo hana budi kubakiza mitamba 15 kati ya 20, na kwa kuwa wengine watakufa kwa ndigana kali au kuibwa kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kwa kweli hachagui chochote. Katika kundi la pili majike 80 huzaa na ndama mmoja kati ya kumi hufa. Wanalikizwa ndama 72, mitamba 36, na mwenye kundi anaweza kubakiza 15 walio bora na kuwauza 21 wengine. Kundi la kwanza linauza ng'ombe 25 kwa mwaka, la pili 57, kwa idadi ileile ya majike.

Tofauti ya mauzo ni kubwa, lakini jambo zito zaidi limejificha katika ile nafasi ya kuchagua. Kundi lenye uzazi duni hubaki duni kwa sababu linalazimika kumrithisha kila mtamba nafasi ya mama yake, akiwemo binti wa jike aliyezaa mara mbili katika miaka sita, na mbegu ya dume bora inayoingizwa humo huangukia msingi usiochujwa. Majike wanaozaa vizuri ndio wanaompa mfugaji ziada ya mitamba, na bila ziada hakuna uteuzi. Hapa ndipo miradi mingi ya kugawa madume ilipoishia: ndama wa kwanza walizaliwa wakubwa na wenye kupendeza, lakini walikuwa wachache, na mitamba wao waliingia katika mazingira ambayo hayakuwa yameandaliwa kuwafanya washike mimba.

Kuna hoja ya kitaalamu inayotumika mara kwa mara kupinga mkazo huu, nayo inahitaji kujibiwa. Sifa za ukuaji na za nyama hurithika kwa kiwango cha kati hadi kikubwa, takribani asilimia 30 hadi 50 ya tofauti zinazoonekana zikitokana na vinasaba, ilhali sifa za uzazi, kama vile muda kati ya uzao mmoja na mwingine, aghalabu hurithika kwa chini ya asilimia 15. Wengine huhitimisha kwamba hakuna haja ya kuteua kwa kigezo cha uzazi. Hitimisho hilo linageuza maana ya takwimu. Kurithika kwa kiwango kidogo hakusemi kwamba sifa hiyo haina thamani. Kunasema kwamba mazingira, hasa lishe na maradhi, huifunika, na kwamba maendeleo yake yatakuja polepole kupitia vizazi lakini upesi kupitia matunzo na uondoaji wa majike wasiozaa. Jike aliyekaa miaka miwili bila ndama huondolewa kwa sababu anakula kilicho cha mwenzake, na faida ya kumwondoa hupatikana mwaka uleule, bila kungoja urithi wowote.

Kalenda ya jike ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Mimba ya ng'ombe hudumu takribani siku 285, hivyo jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 80 tu baada ya kuzaa ili awe ameshika mimba nyingine. Katika siku hizo, takribani 40 hupita mfuko wa uzazi ukirudia hali yake, na zinazobaki zinatosha kwa mizunguko miwili ya joto, ambayo hujirudia kila baada ya siku 21 hivi. Zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, huonyesha joto kwa muda mfupi na mara nyingi usiku, jambo linalofanya uhimilishaji uwe mgumu katika makundi ya malisho. Wakati huohuo jike ananyonyesha, na mwili wake hugawa chakula kwa utaratibu usiobadilika: kwanza uhai wake mwenyewe, kisha ukuaji kama bado hajakomaa, kisha maziwa, na mwisho kabisa kurudi kwenye joto. Jike wa uzao wa kwanza ndiye anayeteseka zaidi, kwa kuwa bado anakua huku ananyonyesha, na ndiye anayeshindwa kushika mimba ya pili mara nyingi kuliko wote. Kwa kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 9, jike anatakiwa azae akiwa kwenye 5 au 6, yaani mbavu zake zisihesabike kwa macho lakini zipapasike kwa urahisi mkononi. Akizaa akiwa amekonda, mvua za baadaye humnenepesha, ila mwaka huwa umeshapita.

Suala la ukubwa wa jike hupotosha wengi, na linahusiana moja kwa moja na kalenda hiyo. Soko hulipa kwa uzito, kwa hiyo inaonekana dhahiri kwamba jike mkubwa ni bora. Lakini jike wa kilo 550 huhitaji chakula kingi zaidi kila siku kuliko wa kilo 350, akiwa na mimba au hana, maziwa yakiwepo au yasiwepo, na katika nyanda zenye kiangazi cha miezi sita au saba, kama Dodoma na Singida, nyasi za Septemba hazitoshi kumtimizia. Jike mdogo hufikia utoshelevu kwa nyasi chache, hurudi kwenye joto mapema, na akilikiza ndama mwenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wake mwenyewe huwa ametumia malisho kwa ufanisi ambao jike mkubwa aliyekosa ndama hawezi kuufikia. Ukubwa unaofaa huamuliwa na malisho ya mahali husika, na ranchi yenye maji na nyasi za kupandwa inaweza kuwabeba majike ambao katika nyika ya wazi wangegeuka mzigo.

Basi jike bora hutambuliwaje? Kumbukumbu ndizo jibu la kwanza, na hazihitaji mtambo. Daftari lenye namba ya hereni ya sikio, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za kuzaa na hatima ya kila ndama linatosha kueleza ni majike gani wanaolibeba kundi. Jamii za wafugaji zimekuwa na kumbukumbu za aina hiyo kichwani kwa karne nyingi. Kwa Wamaasai, kwa mfano, kila mke hupewa ng'ombe wa nyumba yake, na koo za majike hujulikana na kufuatiliwa kutoka bibi hadi mjukuu. Elimu hiyo imedharauliwa bila sababu na mipango mingi ya kitaalamu, ambayo huja na fomu mpya na kuanza kuandika upya kundi ambalo historia yake tayari inajulikana na mama mwenye zizi.

Jicho nalo lina kazi yake, mradi lisitangulie kumbukumbu. Profesa Jan Bonsma wa Afrika Kusini, aliyezalisha mbari ya Bonsmara katika vituo vya utafiti vya Mara na Messina kwa kuchanganya Afrikaner na mbari za Uingereza, alitumia miaka mingi kufundisha kwamba homoni za uzazi huacha alama mwilini. Jike anayezaa kwa ukawaida huwa na kichwa chembamba na shingo nyepesi, sehemu yake ya mbele ni nyepesi kuliko ya nyuma, nywele zake ni laini na zenye kung'aa, na kiwele chake kimeshikamana vyema na tumbo. Jike mwenye matatizo ya homoni huelekea umbo la dume: shingo nene, mabega mazito, mafuta yaliyorundikana sehemu zisizo za kawaida. Huyo wa pili ndiye ambaye mara nyingi hupendeza machoni pa mnunuzi na hata pa majaji wa maonesho, kwa kuwa hajawahi kukondeshwa na ndama. Bonsma alisisitiza pia jambo ambalo linafaa kurudiwa hapa, kwamba mnyama hupimwa katika mazingira atakayoishi, si katika banda la kulishiwa pumba.

Kwa mtamba ambaye bado hana historia yake, historia ya mama yake ndiyo hushika nafasi hiyo. Anatakiwa afikie asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ukubwani kabla ya kupandishwa, yaani kilo 240 hadi 260 kwa mbari ambayo majike wake wakomavu hufikia kilo 400, na nyonga zake ziwe pana za kutosha kupitisha ndama. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume aondolewe mapema katika hesabu ya uzazi, kwa kuwa zaidi ya tisa kati ya kumi wa aina hiyo ni tasa kutokana na kuchangia damu na homoni na kaka yake tumboni. Chanjo ya S19 dhidi ya brusela, ugonjwa unaosababisha kutupa mimba na unaowapata pia binadamu, hutolewa kwa ndama jike wakiwa na umri wa miezi mitatu hadi minane, na anayekosa nafasi hiyo huingia kundini akiwa hatari kwa wenzake na kwa familia inayokunywa maziwa mabichi. Mitamba wakishapandishwa kwa msimu mfupi, wale wanaoshika mimba katika wiki tatu za mwanzo ndio wa kubakizwa kwanza, kwa kuwa huzaa mapema, hupata siku nyingi za kujirudia, na hudumu kundini miaka mingi kuliko wale wanaoshika mimba mwishoni.

Mfano ulio karibu zaidi wa mbari iliyojengwa juu ya majike ni Boran. Asili yake ni nyanda za Borana kusini mwa Ethiopia, na wafugaji wa ranchi nchini Kenya, Laikipia hasa, waliwanunua ng'ombe walioswagwa kutoka kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20, wakawateua kwa miongo kadhaa, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa mbari hiyo. Jina la Boran limeenea kwa sababu ya nyama yake, lakini wanaomfuga humsifu kwanza jike: huzaa ndama wadogo wasioleta shida ya kuzaa, hulinda ndama wake kwa ukali, hupoteza unene wakati wa ukame bila kudhoofika kabisa na kuurudisha upesi mvua zinaponyesha, na huendelea kuzaa katika umri ambao majike wa mbari nyingine wamekwisha ondolewa. Ndani ya mbari hiyohiyo, ng'ombe wa Waorma wa bonde la mto Tana, ambao waliishi vizazi vingi katika maeneo yenye mbung'o, walionekana katika utafiti wa miaka ya 1980 kwenye ranchi ya Galana kuustahimili ugonjwa wa ndorobo kuliko Boran wa ranchi. Australia ilipotaka mbari hii, ilichukua viinitete kutoka kwa majike wa Boran nchini Zambia na kuvipitisha karantini ya visiwa vya Cocos, na Afrika Kusini nayo iliingiza viinitete vya Boran kutoka Kenya katika miaka ya 1990. Kwa mbegu pekee, nchi hizo zingepata chotara. Mbari kamili ilihitaji majike.

Ushahidi wa vinasaba unaupeleka mfano huo mbali zaidi. Tafiti zilizochapishwa tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba zebu wa Afrika, pamoja na nundu zao na kromosomu za kiume zenye asili ya Asia, hubeba karibu wote mitokondria za ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zebu walienea barani hasa kupitia madume, ambao walipandishwa kwa majike waliokuwepo tangu zamani, na ukoo wa kike ukaendelea bila kukatika chini ya umbo jipya. Kwa maneno mengine, hata mabadiliko makubwa zaidi ya vinasaba katika historia ya ng'ombe wa Afrika yalijengwa juu ya majike waliokwisha zoea maradhi, joto na nyasi za bara hili.

Mbari ya Mpwapwa inaonyesha upande wa pili. Ilizalishwa katika kituo cha Mpwapwa mkoani Dodoma kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wenye asili ya bara Hindi, zebu wa Tanganyika, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, ikalenga maziwa na nyama kwa nyanda kavu, na ikatangazwa kuwa mbari kamili mwaka 1958. Baada ya hapo kundi la majike halikutunzwa kwa ukubwa uliotosha, wengine walipandishwa ovyo na mbari nyingine, na idadi ya majike halisi ikapungua hadi mbari yenyewe ikawa ya kuokolewa. Mbegu ya dume wa Mpwapwa inaweza kukaa miaka mingi katika naitrojeni ya kimiminika, lakini anayetaka kuirudisha mbari kwa mbegu hiyo akitumia majike wa zebu wa kawaida atapata asilimia 50 katika kizazi cha kwanza, 75 katika cha pili, 87.5 katika cha tatu na 93.75 katika cha nne, na kwa mitamba wanaozaa mara ya kwanza wakiwa na miaka mitatu au minne, safari hiyo huchukua zaidi ya muongo mmoja.

Uchotara nao, ambao kwa kawaida hutangazwa kama kazi ya dume, hutoa sehemu kubwa ya faida yake kupitia jike. Majaribio ya muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Clay Center, Nebraska, Marekani, yalionyesha kwamba kutumia majike chotara wanaozaa ndama chotara huongeza uzito wa ndama waliolikizwa kwa kila jike aliyepandishwa kwa takribani asilimia 23, na zaidi ya nusu ya nyongeza hiyo hutokana na mama kuwa chotara, si ndama. Nguvu ya uchotara, yaani ubora wa mtoto kupita wastani wa wazazi wake, hujitokeza zaidi katika sifa zilezile za uzazi na uhai zinazorithika kidogo. Lakini jike chotara wa kizazi cha kwanza hapatikani ila kutoka kwa majike halisi, na nchi inayowapandisha majike wake wote wa asili na madume wa kigeni kwa wakati mmoja hula mbegu yake ya msimu ujao.

Hata kumteua dume, mwishowe, ni kumteua jike. Dume hana kiwele wala hazai, kwa hiyo kila anachokibeba kuhusu maziwa, wepesi wa kuzaa na uvumilivu wa kiangazi huonekana kwa mama yake, dada zake na, miaka mingi baadaye, binti zake. Kipimo kimoja hupatikana kwake mwenyewe, nacho ni mzingo wa pumbu, ambao huambatana na umri wa binti zake kubalehe: wenye mzingo mkubwa huzaa mitamba wanaokuja joto mapema. Mengine yote mnunuzi hana budi kuyauliza zizini kwa mama wa dume, akitaka kujua amezaa mara ngapi na kwa vipindi gani.

Katika sera, Tanzania ina mashamba ya Serikali ya kuzalisha mitamba, kama Kitulo, Sao Hill, Mabuki, Ngerengere na Nangaramo, na Kampuni ya Ranchi za Taifa imetunza makundi ya Boran katika ranchi zake, Kongwa ikiwa mojawapo, kwenye ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa enzi ya ukoloni ulioanguka mwaka 1951. Asasi hizo zina thamani, lakini kwa nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, walio wengi mno wakiwa wa asili na mikononi mwa wafugaji wadogo, mitamba wanaotoka humo ni wachache, na ubora wa majike wa taifa utaamuliwa na kinachotendeka katika mazizi ya kawaida. Huko adui mkubwa ni ukame unaouza bila kuchagua. Kiangazi kinapokaza, mfugaji aliyekuwa amesitasita miezi yote hupeleka mnadani alichonacho, na kwa kuwa mimba hujaza tumbo na kumfanya jike aonekane mnene kuliko wenzake, majike wenye mimba hupata bei nzuri na kuishia machinjioni, wakati jike aliyekaa misimu miwili bila kuzaa amebaki nyumbani akiwa amekonda kiasi cha kukosa mnunuzi.

Hasara hiyo huzuilika kwa kubadili mwezi wa kuamua. Katika nyanda zenye msimu mmoja wa mvua, kama Kongwa, dume akiingizwa kundini Februari na kutolewa mwishoni mwa Aprili, ndama huzaliwa kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Februari, nyasi changa zikiwa zimeota. Kufikia mwisho wa Juni mimba zote huwa zimefikisha siku 60 au karibu na hapo, kiasi ambacho mtaalamu mwenye glovu ndefu anaweza kuzitambua kwa mkono. Anaweza kupima majike wengi kwa asubuhi moja, na ujira wake hulipwa na jike wa kwanza asiye na mimba atakayeuzwa akiwa bado na unene wa masika.